KIWIKO KINACHOUMA HUPONA KWA KAZI YA KIPIMO

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Eldoret



Twajua ya kwamba wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja na chai bado hamjaionja, kwa hiyo hatutazunguka na maneno. Leo twataka kuzungumza juu ya kiwiko cha mkono, yaani kile kiungo ambacho ndugu zetu wa pwani hukiita pia kisugudi: namna kinavyoharibika kwa kazi, namna ya kukifanyisha mazoezi bila kukidhuru, na mambo ambayo chama lazima kiyadai ili mazoezi hayo yawezekane.

Mtu wa mbali akisikia jina la Eldoret hufikiri miguu. Hufikiri wakimbiaji wetu na medali zao, nasi twajivunia pamoja nao. Lakini tangu reli ilipofika hapa mwaka 1924, hata siku mji ulipopewa cheo cha jiji, tarehe 15 Agosti 2024, Sisibo yetu imeishi kwa mikono. Ni mikono ya maseremala na wapasua mbao, ya wafumaji na washonaji wa viwanda vya nguo, ya mafundi wa magari, ya waashi, ya wapakiaji wa mahindi na ngano, ya wakamaji wa ng'ombe, na ya akina mama wanaofua nguo za watu kutwa nzima. Mkono ukishindwa, mshahara hushindwa nao, na karo ya mtoto hushindwa pia.

Tena twaona ya kwamba mfanyakazi akishikwa na maumivu ya kiwiko, mara nyingi hufuata moja ya njia mbili. Ya kwanza ni kuficha. Humeza vidonge, hujikaza, hupiga nyundo vilevile, mpaka siku moja hawezi hata kuinua kikombe. Ya pili ni kulaza mkono kabisa. Hukaa nyumbani wiki tatu au nne, maumivu yakapungua, akarudi kazini na kushika kazi yote siku ya kwanza. Kabla ya Ijumaa kiwiko kimerudi palepale. Njia zote mbili humpoteza mtu. Sisi twasema iko njia ya tatu, nayo ni kazi ya kipimo.

UGONJWA WENYEWE NI NINI

Nyosheni mikono mbele, viganja vitazame chini. Sasa shika kiwiko chako upande wa nje kwa mkono wa pili, utagusa kifundo cha mfupa. Hapo ndipo zilipofungwa kano za ile misuli inayoinua kiganja na vidole. Kano ni kamba ngumu nyeupe inayounganisha nyama na mfupa. Kila aliyewahi kuchinja mbuzi ameiona. Kila unaposhika kitu kwa nguvu, misuli hiyo hukaza ili kiganja kisilegee. Ukipiga nyundo mara mia, misuli imekaza mara mia na kano imevutwa mara mia.

Nyama ya mwili hupata damu nyingi na hujitengeneza upesi. Kano hupata damu kidogo, nayo hujitengeneza polepole. Mzigo ukiongezeka kwa haraka kuliko kano inavyoweza kujitengeneza, nyuzi zake huanza kuharibika. Ndiyo maana maumivu haya mara nyingi hayana siku ya kuanza. Mtu huulizwa, uliumia lini? naye hana jibu, maana hakuanguka wala hakugongwa. Aliumia kidogo kidogo.

Dalili zake ni hizi. Upande wa nje wa kiwiko huuma ukiinua sufuria, ukifungua mfuniko, ukizungusha ufunguo, ukikamua nguo, ukisonga ugali, au hata ukimpa mtu mkono wa salamu. Nguvu ya kushika hupungua. Wengine huumwa upande wa ndani wa kiwiko, kwa sababu kano zilizo hapo ni za misuli inayofunga kiganja. Kanuni za kuutunza ni zilezile, ila zoezi hufanywa kiganja kikitazama juu.

Huko Ulaya watu huuita ugonjwa huu kiwiko cha tenisi, lakini wengi wanaougua hawajapata kushika raketi maishani mwao. Daktari Runge wa Ujerumani aliueleza mwaka 1873, naye alikuwa akisema habari za watu walioshindwa kuandika. Kabla yake, mwaka 1700, daktari Bernardino Ramazzini wa Italia alitoa kitabu kizima juu ya magonjwa ya wafanyakazi, akifundisha ya kwamba mganga humwuliza mgonjwa kazi yake ni nini. Basi ukisikia msimamizi akisema ya kwamba maumivu haya ni uvivu tu, mjibu kwa adabu ya kwamba madaktari wameyajua kwa muda mrefu. Katika watu wazima 100, huwapata kama mmoja hadi watatu, na zaidi huwapata walio na miaka 35 hadi 55. Hiyo ndiyo miaka ambayo mtu ana watoto shuleni na wazee wa kutunza.

JUU YA SINDANO NA VIDONGE

Zamani ilidhaniwa ya kwamba shida yote ni uvimbe ndani ya kiwiko. Lakini madaktari Nirschl na Pettrone wa Marekani walitoa habari mwaka 1979 za kano zilizotolewa kwa wagonjwa waliopasuliwa, na walichoona ni nyuzi zilizoharibika na kupoteza mpangilio wake. Kwa hiyo dawa ya kutuliza uvimbe yaweza kupunguza maumivu, lakini haijengi kano.

Sikilizeni habari ya Uholanzi iliyotolewa mwaka 2002. Wagonjwa 185 wa kiwiko waligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza walidungwa sindano ya steroidi katika kiwiko, la pili walipewa tiba ya viungo pamoja na mazoezi, na la tatu walipewa mashauri tu na kungojea. Baada ya wiki sita waliodungwa sindano walikuwa mbele ya wote, wakifurahi. Lakini baada ya mwaka mmoja mambo yaligeuka. Katika kila watu 100 wa sindano waliofanikiwa walikuwa 69. Katika waliongojea, 83. Katika waliofanya tiba ya viungo, 91.

Fikirini maana yake kwa mfanyakazi. Sindano humtuliza wiki chache, naye hudhani amepona, hurudi kubeba magunia, na kano ambayo haijapona huvutwa upya. Hatusemi mtu asisikilize daktari wake. Twasema aulize: Daktari, sindano hii itanisaidia kwa muda gani, na baada ya mwaka je? Na vidonge vya maumivu vinunuliwavyo dukani vilivyo vikali hudhuru tumbo na figo vikimezwa siku nyingi bila ushauri. Wala usimeze kidonge ili upate kubeba zaidi, maana umezima kengele na moto ungali unawaka.

Kadhalika juu ya kuchuliwa. Kusuguliwa taratibu kwa mafuta hakuna ubaya kama kunakupa nafuu. Lakini kukandamizwa kwa nguvu mpaka ulie, au kuchanjwa kwa wembe, huongeza jeraha juu ya jeraha.

SHERIA YA ASUBUHI

Sasa tuje kwenye mazoezi. Hapa wakimbiaji wetu watufundishe. Eliud Kipchoge, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya mwaka 2016 na ile ya 2020 iliyokimbiwa mwaka 2021, alijizoeza miaka mingi pale Kaptagat, karibu nasi. Yeyote aliyewatazama wakimbiaji wa kambi kama zile ajua ya kwamba siku za mbio kali hazifuatani. Baada ya siku ngumu huja siku nyepesi. Wala hakuna aendaye kilomita 40 wiki ya kwanza, huongeza polepole. Kano ya kiwiko nayo hutaka ulezi uleule. Ikilazwa kabisa hudhoofu, na ikilazimishwa huchanika. Ikipewa mzigo kidogo, kisha nafasi ya kujitengeneza, kisha mzigo zaidi kidogo, huwa imara.

Utajuaje kipimo chako? Maumivu yape alama. Sufuri ni kutoumwa kabisa, na kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiri. Wakati wa zoezi, alama sufuri hadi mbili, endelea. Tatu au nne, yakubalika, lakini usiongeze. Tano na zaidi, acha, punguza uzito.

Kisha ipo sheria kubwa, nasi twaiita sheria ya asubuhi. Unapoamka siku ya pili, funga ngumi na ukunjue, inua kikombe. Ikiwa kiwiko ni kama jana au ni afadhali, kipimo chako kilikuwa sawa. Ikiwa kimezidi kuuma kuliko jana asubuhi, ulizidisha. Leo pumzika, na kesho rudi nyuma hatua moja. Sheria hii haitaki mashine wala fedha, nayo yafaa kwa zoezi na kwa kazi vilevile.

MAZOEZI HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza ni kushikilia bila kusogea. Keti, weka mkono juu ya meza, kiwiko kimekunjwa, kiganja kitazame chini na kitokeze nje ya ukingo wa meza. Weka mkono mzima juu ya mgongo wa ule unaouma. Sasa sukuma kwenda juu na mkono wa juu ukatae, pasiwe na kitu kinachosogea. Usitumie nguvu zote, nusu yatosha. Hesabu hadi 30 polepole, kisha pumzika dakika moja. Fanya mara tano, asubuhi na jioni. Watu wengi huona maumivu yanapungua kwa zoezi hili peke yake. Endelea nalo wiki moja au mbili.

Hatua ya pili ni kuteremsha. Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Ikijaa ina uzito wa nusu kilo na zaidi kidogo. Keti kama mwanzo, mkono juu ya meza, kiganja chini, chupa mkononi. Kwa msaada wa mkono mzima, inua kiganja kinachouma mpaka juu. Sasa ondoa msaada, na ukiteremshe chenyewe polepole ukihesabu hadi tano. Usikiangushe. Kikifika chini, mkono mzima ukiinue tena. Fanya mara 10, pumzika dakika mbili, tena mara 10, pumzika, tena mara 10. Kwa siku mara moja tu. Wiki ikipita na asubuhi zako ni njema, fanya mara 15 badala ya 10. Wiki nyingine ikiwa njema, chukua chupa ya lita moja na urudi kwenye mara 10. Usiongeze uzito na hesabu kwa pamoja.

Hatua ya tatu ni kuinua na kuteremsha bila msaada, kwa chupa ileile, polepole pande zote mbili. Hapo ongeza zoezi la kugeuza. Shika nyundo ndogo karibu na kichwa chake, kiwiko kimekunjwa na kimekaa ubavuni, kisha geuza kiganja kitazame juu, halafu kitazame chini, polepole. Nguvu ikizidi, shika mpini chini zaidi kidogo. Kadiri unavyokwenda mbali na kichwa cha nyundo ndivyo uzito unavyoongezeka. Na ukunje soksi mbili ziwe mpira, uziminye ukihesabu hadi 10, mara 10.

Hatua ya nne ni kuupa kazi mkono wote. Simama mbele ya ukuta, weka viganja ukutani, jisukume na kurudi. Inua ndoo iliyo na maji kidogo, kiganja kikitazama juu na kiwiko kimekunjwa. Bega likiwa dhaifu, kiwiko hubeba mzigo wa bega; kwa hiyo usilisahau.

Mazoezi haya yote hutaka wiki sita hadi 12, na wengine zaidi. Usikate tamaa wiki ya tatu. Watu walio wengi hupona ndani ya mwaka bila kupasuliwa.

Vijana wetu wanaoinua vyuma, hasa vile vya makopo yaliyojazwa saruji, nao twawaambia jambo. Si lazima muache michezo. Kimbieni, chezeni mpira, fanyeni mazoezi ya miguu na tumbo. Lakini kwa miezi hii acheni kujivuta juu ya mti viganja vikitazama mbele, na acheni kuinua uzito mikono imenyooka na viganja chini. Geuzeni viganja vitazamane au vitazame juu, punguzeni uzito kwa nusu, na sheria ya asubuhi iwaamue.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI BILA KUNGOJA

Mazoezi haya ni kwa kiwiko kilichochoka kwa kazi. Usiyaanze, nenda hospitali kwanza, ukiona mambo kama haya: kiwiko kimevimba, kimekuwa chekundu na cha moto, nawe una homa, ulisikia kitu kikikatika ghafula na mkono ukakosa nguvu, ulianguka na kiwiko hakinyooki, vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, maumivu yanashuka kutoka shingoni, au yanakuamsha usiku hata ukiwa hujafanya kazi. Hapa kwetu ipo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo, lakini anza na zahanati au hospitali iliyo karibu nawe, upate barua. Omba kuonwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, na usisahau kumwambia daktari kazi unayofanya, saa ngapi kwa siku na kwa chombo gani. Mwambie aandike hayo katika cheti. Baadaye mtajua kwa nini.

KUPUNGUZA MZIGO KAZINI

Mtu aweza kufanya zoezi la dakika 10 jioni, na saa nane za mchana zikaliharibu. Kwa hiyo vyombo na desturi za kazi ni sehemu ya dawa.

Msumeno butu humfanya fundi ashike kwa nguvu maradufu, noa. Spana fupi hutaka nguvu nyingi kuliko ndefu, tumia ndefu. Mpini mwembamba unaoteleza hukaza vidole. Uzungushie mpira wa tyubu kuukuu mpaka ukae vizuri mkononi, usiwe mnene mno. Nyundo nzito kuliko kazi yenyewe haina faida. Mzigo ubebwe kwa mikono miwili, karibu na mwili, kiwiko kimekunjwa, kiganja chini ya mzigo. Mtu akiinua gunia au ndoo kwa mkono ulionyooka na kiganja kikitazama chini, anaivuta kano ileile iliyo mgonjwa.

Akina mama wa kufua, msikamue shuka nzito kwa kusokota mikono miwili. Izungusheni kwenye bomba imara au nguzo, mzivute ncha mbili pamoja. Au itundikeni ikichuruzika, jua la Uasin Gishu litafanya iliyobaki. Wa kusonga ugali, tumieni mwiko wenye mpini mnene, na sufuria ishikwe na mwingine.

Uko pia mkanda wa kufunga chini ya kiwiko, kama upana wa vidole viwili kutoka kile kifundo cha mfupa. Huwasaidia watu wengine wakati wa kazi. Usilale nao, na vidole vikifa ganzi, ulegeze. Tena ni bora kupumzika dakika chache katika kila saa kuliko nusu saa nzima baada ya mkono kuchoka kabisa. Na kazi mbili zikibadilishana, moja ya kushika kwa nguvu na moja ya kutembea au kupanga, kano hupata nafasi yake.

SHAURI LA CHAMA

Ndugu zetu, sasa tumefika penye fundo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, humpa mfanyakazi aliyetumika miezi miwili mfululizo haki ya likizo ya ugonjwa: siku saba kwa mshahara kamili, na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Jumla ni siku 14. Mapatano ya chama yaweza kuongeza, nasi twapigania yaongeze. Lakini kano, kama tulivyosema, hutaka wiki sita hadi 12.

Kati ya siku 14 na wiki 12, hapo ndipo watu wetu hupotelea. Siku zikiisha, mtu aweza kurudi kwenye kazi yote na kuumia upya, au kukaa nyumbani na kupoteza kazi. Kwa hiyo neno kubwa tunalolidai ni kazi nyepesi kwa muda: mtu arudi mapema, apewe kazi ambayo mkono wake unaweza, kwa mshahara wake uleule, na kazi iongezwe wiki kwa wiki. Hiyo ndiyo kazi ya kipimo. Ni dawa kwa mfanyakazi, na kwa tajiri nayo ni faida, maana fundi mzoefu habadilishwi kwa siku moja.

Hatuombi hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 76, humtaka mwajiri afanye vituo vya kazi, vyombo na kazi yenyewe vimfae mfanyakazi na uwezo wake. Kifungu cha tisa cha sheria hiyohiyo hutaka kamati ya usalama na afya mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Je, kamati iko mahali penu pa kazi? Imekutana mwaka huu? Neno kiwiko limepata kuandikwa katika daftari lake? Kama sivyo, mwakilishi wenu ana kazi ya kufanya wiki hii.

Tena iko Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007, ambayo baada ya kesi ndefu Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019. Kwa sheria hiyo mwajiri akiisha kuarifiwa ajali lazima naye amwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba. Magonjwa yatokanayo na kazi nayo yamo katika sheria hiyo. Lakini kiwiko si kama kidole kilichokatwa na mashine mbele ya mashahidi. Kimeumia polepole, na asiyetaka kulipa atasema uliumia ukikata kuni nyumbani. Kwa hiyo ushahidi ni karatasi. Siku ya kwanza unapoona maumivu hayaondoki, mwambie msimamizi, kisha uandike au uandikiwe barua: jina, kazi, tarehe, mkono upi, chombo gani. Nakala moja ibaki kwako na moja kwa mwakilishi wa chama. Ndiyo sababu tuliwaambia daktari aandike kazi yako katika cheti. Mtu afichaye maumivu miezi sita hupoteza mkono na hupoteza ushahidi.

Basi kabla hatujaagana, twawapa mambo matatu ya kwenda nayo. La kwanza, kila mwakilishi aandike majina ya wenzake wanaoumwa mikono, na kazi zao, alete orodha ofisini. Tukiona mashine moja ina majina matano, tutajua la kusema mezani. La pili, kila kamati ya usalama idai zamu za kubadilishana kazi, na vyombo vya kunolea. La tatu, mtu aliyerudi kazini na mkono unaopona asichekwe. Twamsikia mtu akiitwa mvivu na wenzake wenyewe, kabla hata msimamizi hajasema, naye kwa aibu hunyakua gunia. Neno hilo moja la mzaha laweza kumrudisha wiki nane nyuma.

Sasa nyote nyosheni mikono juu ya meza, viganja chini, tulifanye zoezi la kwanza pamoja, tukihesabu hadi 30. Aliye na kiwiko kizima na afanye pia, ili akamfundishe jirani yake kesho karakanani.